Miguu Yake Ina Kasi, Faili Lake ni Tupu

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi hutuuliza sisi tunaofundisha vyuo vikuu, gumu kuliko yote si la ada wala la mkopo. Ni lile fupi: "Mwalimu, mwanangu ana nafasi?" Swali la ada lina jibu la hesabu. Swali la nafasi humtaka mhadhiri akadirie ndoto ya mtu mwingine na kuitaja bei yake, naye mzazi yupo mbele yake akimtazama usoni.

Mwaka huu nimeulizwa swali hilo na mzee mmoja kutoka wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Nilimfundisha mwanawe wa kwanza miaka kadhaa iliyopita. Safari hii alikuja kwa ajili ya binti yake wa mwisho, aliye Kidato cha Tano katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Kidato cha Nne alipata Daraja la Kwanza. Zaidi ya hayo, binti huyo anakimbia. Katika mashindano ya shule alimaliza mita 1,500 kwa dakika 4 na sekunde 34, kwenye kiwanja cha nyasi, akiwa amevaa raba za kuazima. Wakala mmoja amekwisha kuitembelea familia na kuahidi kwamba kwa mbio hizo binti ataingia Harvard, au chuo kingine cha hadhi hiyo, bila kulipa ada. Ujira wa wakala ni shilingi milioni sita, nusu yake ilipwe kabla ya kazi kuanza. Mzee alikuwa tayari kuuza ng'ombe sita.

"Niambie kweli tupu," alisema. "Ng'ombe wakishauzwa hawarudi."

Nilimjibu kwa maelezo marefu kuliko alivyotarajia. Nayaandika hapa kwa kuwa najua haiko familia moja tu yenye swali hilo, na kwa kuwa ndani ya jibu lake kuna jambo linalotuhusu sote tulioko madarasani na maofisini.

Nianze na neno lililoichanganya familia. Wakala aliwaambia kwamba binti "atacheza Divisheni ya Kwanza". Kwetu maneno hayo yana maana moja: cheti cha Baraza la Mitihani. Kule Marekani ni ngazi ya juu ya michezo ya vyuo chini ya chama kiitwacho NCAA, na ngazi hiyo ina mamia ya vyuo, vingine vigumu sana kuingia, vingine vikimpokea karibu kila aliyemaliza sekondari vizuri. Mtu anaweza kukimbia Divisheni ya Kwanza katika chuo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Anaweza pia kusoma katika chuo chenye kuheshimika mno kilicho Divisheni ya Tatu, mathalani Williams au Amherst. Kwa hiyo swali la mzee ni maswali mawili: je, binti anaweza kupata chuo chochote cha Marekani kwa mbio zake? Na je, anaweza kupata kile kinachochuja waombaji wake hadi wabaki wachache kuliko watano katika kila mia?

Kwa swali la kwanza historia yetu inatoa moyo. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982, naye alipita chuo hicho hicho. Kenya, Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mwaka 1972, alisoma Marekani hadi akapata shahada ya udaktari, akarudi kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Njia hii si hadithi ya wakala. Ipo, na waliopita wanajulikana.

Swali la pili ndilo lenye miiba. Vyuo vinane vya Ivy League, Harvard na Yale vikiwamo, havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Hivyo maneno ya wakala kwamba "Harvard watamlipia kwa sababu anakimbia" si ya kweli kwa mujibu wa kanuni za vyuo hivyo vyenyewe. Msaada wanaoutoa hupimwa kwa hali ya familia. Kwa binti wa mkulima hiyo ni habari njema kuliko alivyoielewa wakala, kwani msaada wa namna hiyo hauondoki binti akiteguka kifundo cha mguu. Harvard, Yale na Princeton hufika mahali pa kumpima mwombaji wa kigeni bila kujali uwezo wake wa kulipa, kisha humgharamia kwa kadiri ya uhitaji wake akikubaliwa. Neno zito ni hilo "akikubaliwa".

Mbio zinaingiaje basi katika kukubaliwa? Hapa inafaa tutofautishe watu wawili wanaofanana kwa mbali. Wa kwanza ni mwombaji anayekimbia. Wa pili ni mkimbiaji aliyeombwa na kocha. Yule wa kwanza ameandika mbio zake katika fomu kama mwingine anavyoandika kwaya au uongozi wa klabu ya mazingira. Zinamwongezea rangi, hazimfungulii lango. Yule wa pili jina lake limepelekwa na kocha katika ofisi ya udahili, miongoni mwa majina machache anayoruhusiwa kuyapeleka kila mwaka. Ofisi hulikagua faili lake mapema, kabla ya msimu wa maombi, kuona kama masomo yake yanafikia kiwango. Vyuo vya Ivy hutumia kipimo kinachojumlisha alama za shule na za mtihani wa SAT, na wastani wa wanamichezo hautakiwi kuachwa mbali na wastani wa wanafunzi wengine.

Tofauti kati ya watu hao wawili ilionekana mahakamani. Harvard iliposhtakiwa kuhusu udahili wake, takwimu za ndani zilitolewa hadharani, na wachumi waliozichambua wakaonesha kwamba wanamichezo walioombwa na makocha walikuwa chini ya asilimia 1 ya waombaji wa ndani ya Marekani, lakini takribani asilimia 10 ya waliokubaliwa. Kwa jumla asilimia 86 ya wanamichezo hao walikubaliwa. Zaidi ya hapo, katika kundi la wenye alama za kitaaluma za chini kiasi, mwanamichezo alikubaliwa mara saba katika kila kumi, na asiye mwanamichezo mwenye alama zile zile alikubaliwa chini ya mara moja katika kila elfu. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba asili ya mwombaji isitumike kumpa uzito. Uzito wa mwanamichezo haukuguswa.

Msomaji anaweza kusema: vizuri, basi kule kipaji kinaheshimiwa. Mimi pia niliposoma takwimu hizo mara ya kwanza nilidhani nimekutana na dirisha la mtoto wa maskini. Lakini tazama ni michezo ipi inayobeba nafasi hizo. Harvard ina timu zaidi ya 40. Ndani yake mna kupiga makasia, upanga, tanga, skwoshi, gofu, tenisi, lakrosi na polo ya majini. Hiyo ni michezo inayohitaji bwawa, ziwa, boti, uwanja wa kulipia na mzazi mwenye gari la kumpeleka mtoto mazoezini saa kumi na moja alfajiri. Wanariadha na wachezaji wa mpira wa kikapu wapo, na miongoni mwao wamo watoto wa mafukara. Hata hivyo, ukiupima mlango huu kwa jumla yake, unawafaa zaidi wale ambao wazazi wao wangeweza kuwaingiza kwa milango mingine pia.

Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa mwezi Machi 2019, serikali ya Marekani ilipoanika mpango wa dalali aitwaye Rick Singer. Alikuwa akipokea fedha za matajiri, akiwahonga baadhi ya makocha wa vyuo vikubwa, na watoto ambao hawakuwa wanamichezo wakiandikwa kuwa wanamichezo. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walikiri kosa katika kesi iliyohusu dola 500,000, na mabinti zao walipitishwa kana kwamba ni wa timu ya makasia. Picha zilitengenezwa, wasifu ukaandikwa. Singer mwenyewe alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu mwezi Januari 2023.

Nataka msomaji aziweke familia mbili sambamba. Kule kulikuwa na binti asiyejua kushika kasia, mwenye faili lililojaa picha, matokeo na barua ya kocha. Huku kwetu kuna binti anayekimbia kweli, na faili lake ni tupu.

Hili ndilo nililolikuta nilipoanza kuitazama nafasi ya binti wa Mbulu kwa makini. Kasi yake ilikuwa na maana. Dakika 4 na sekunde 34, kwa msichana wa miaka 18, katika nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, asiye na kocha wala viatu vya miiba, ni muda wa kumfanya kocha wa chuo kizuri ainue kichwa. Si muda wa kumfanya asimame na kuacha shughuli zake. Kocha huyo ana wasichana wa Marekani na Ulaya wenye muda kama huo au bora zaidi, lakini anajua kwamba mtoto ambaye hajafundishwa bado ana akiba ndani ya mwili wake. Makocha hupenda akiba hiyo.

Tatizo ni kwamba kocha hawezi kuuamini muda wenyewe. Ulipimwa kwa saa ya mkononi na mwalimu mmoja aliyekuwa pia mwamuzi wa kuanzisha mbio. Ukaandikwa katika daftari la mazoezi, na daftari hilo nilipoliulizia nikaambiwa mwalimu amehamishwa, ameondoka nalo. Hakuna aliyeupima uwanja kuhakikisha kwamba mzunguko mmoja ni mita 400. Hakuna orodha ya matokeo iliyobandikwa popote wala video, ingawa uwanja ulijaa watu wenye simu. Jina lake halipo katika kumbukumbu yoyote ambayo mtu wa nje anaweza kuifungua. Kwa kocha aliyeketi ofisini kwake ng'ambo ya bahari, binti huyu bado hajawahi kukimbia.

Ndipo nikaelewa biashara ya wakala. Mahali ambapo hakuna kumbukumbu, mwenye maneno mengi ndiye shahidi. Asingeweza kumwuzia mzee ahadi kama matokeo yangekuwa wazi, maana mzee mwenyewe, au mwanawe, angeyalinganisha na orodha za timu ambazo vyuo huzichapisha hadharani.

Baada ya kuona hayo nilimpa mzee tathmini yangu kwa mafungu. Fungu la kwanza: kukubaliwa Harvard au chuo kama hicho kwa kuombwa na kocha, kwa hali ilivyo leo, ni nafasi ndogo sana, na hakuna mtu anayeweza kuiuza. Fungu la pili: akikimbia mara mbili au tatu katika mashindano yenye kipimo cha kielektroniki, matokeo yakachapishwa, na akashusha muda hadi karibu na dakika 4 na sekunde 25, makocha wengi watajibu barua zake, wakiwamo baadhi ya wale wa vyuo vinavyochuja. Fungu la tatu: ufadhili wa riadha katika chuo cha kawaida cha Divisheni ya Kwanza ni jambo linalowezekana, lakini asome mkataba kwa makini. Mara nyingi ufadhili huo hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, pengine ni wa sehemu tu ya gharama, na kanuni humruhusu kocha kumtumikisha hadi saa 20 kwa juma wakati wa msimu. Anayetaka kusoma sayansi za maabara ajiulize saa hizo zitatoka wapi. Fungu la nne, ambalo wakala hakulitaja kabisa: binti huyu ana nafasi kwa masomo yake, na mbio zikamsindikiza.

Fungu hilo la nne lina mfano katika ujirani wetu. Mwaka 2004 mwandishi wa habari John Manners, kwa kushirikiana na Mike Boit niliyemtaja, alianzisha mpango huko Bonde la Ufa nchini Kenya wa kuwatafutia wanafunzi nafasi katika vyuo vinavyochuja vya Marekani. Waliwachukua vijana waliofaulu sana katika mtihani wa taifa, wakawapima pia kwa mbio za mita 1,500, wakitumaini kwamba makocha wangevutwa. Makumi ya vijana waliingia katika vyuo hivyo. Lakini kilichowaingiza wengi wao kilikuwa akili iliyothibitishwa na mtihani, na mpango wenyewe baadaye ukaliondoa neno la uanamichezo katika jina lake. Mguu ulikuja na kitabu, na kitabu ndicho kilichotangulia kupita.

Kisha kuna kalenda, ambayo haisubiri mtu. Maombi ya vyuo hivyo hufungwa kati ya mwanzo wa Novemba na mwanzo wa Januari. Mtihani wetu wa Kidato cha Sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai. Maana yake mwanafunzi wa Kitanzania huomba akiwa na matokeo ya Kidato cha Nne, maendeleo ya darasani na makadirio ya walimu wake. Shule ikichelewesha nakala ya maendeleo kwa wiki tatu, mlango umefungwa. Baada ya kuyumba wakati wa janga la korona, vyuo kadhaa, vikiwamo MIT, Dartmouth, Yale, Brown na Harvard, vimerejesha sharti la mtihani wa kujipima, hasa SAT, ambao hufanyika katika vituo vichache nchini na kugharimu zaidi ya dola 100. Na mwanamichezo anayekaa nyumbani miaka kadhaa baada ya sekondari, huku akishindana, anaweza kupoteza misimu yake ya kukimbia chuoni. Familia inayosema "tutaona akishamaliza" inajikuta imechelewa kabla haijaanza.

Nilimwambia mzee pia kwamba ushauri wa namna hii hupatikana bila malipo katika ofisi ya EducationUSA, na kwamba vyuo vingi humsamehe mwombaji ada ya maombi akieleza hali yake. Barua kwa kocha huandikwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa Kiingereza chake mwenyewe, ikitaja jina, umri, masomo, alama, muda na kiungo cha video. Haihitaji wakala. Shilingi milioni sita zinatosha nauli za binti na mwalimu wake kwenda kwenye mashindano yanayopima vizuri, ada ya SAT, viatu vya miiba, na ng'ombe wanne wakabaki zizini. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Wakala, nimeelezwa, alipotakiwa kuandika ahadi yake na kuitia sahihi, simu yake ikaanza kutopatikana.

Nikiishia hapo nitakuwa nimeandika mwongozo kwa mzazi mmoja. Swali linalobaki ni la nchi. Je, tuige? Vyuo vyetu vikuu vya umma hudahili kwa ufaulu wa mitihani. Mkimbiaji, mwimbaji na mchonga vinyago wote huulizwa jambo moja: una pointi ngapi? Kuna wanafunzi wangu wanaharakati wanaoona utaratibu huo ni wa kikatili, kwamba unamtazama kijana kwa jicho moja. Nawaelewa. Nchi hii yenyewe iliwahi kufikiri hivyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita. Afanye kazi kwanza, aletwe na mapendekezo ya mwajiri na ya chama kuhusu mwenendo wake. Nia ilikuwa njema: kupata msomi anayejua jasho. Lakini katika miaka michache idadi ya wanawake wanaoingia ilipungua kiasi kwamba ilibidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Na anayeyajua maisha ya ofisi zetu anaweza kukisia jinsi pendekezo la mtu mmoja linavyoweza kugeuka kuwa fimbo mkononi mwake.

Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaotaka tufungue mlango wa wanamichezo katika udahili wetu. Mlango wowote unaofunguliwa kwa busara ya mtu hupitisha vimemo. Ikiwa Marekani, yenye makocha wanaolipwa vizuri na waandishi wanaochimba, mlango huo uliuzwa kwa madola, kwetu ungeuzwa kwa simu moja kutoka kwa mkubwa. Watoto wa wakubwa wangekuwa wanariadha kwenye karatasi, na binti wa Mbulu angebaki nje akikimbia. Pointi za mtihani ni kipimo butu, wala hazijui tofauti ya shule yenye maabara na shule isiyo na mwalimu wa Fizikia. Lakini hazipokei kimemo kirahisi. Ninachokipendekeza ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kijana aliyekwisha kufikisha sifa za udahili na ana kipaji kilichothibitishwa apewe posho ya mazoezi, kocha na ratiba inayoheshimu mafunzo yake, ili asilazimike kuchagua kati ya maabara na uwanja. Huko kipaji hakimnyang'anyi mtu kiti.

Neno "kilichothibitishwa" ndilo linalonirudisha kwenye daftari lililohama na mwalimu. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Mtanzania katika mashindano hayo, baada ya kumaliza kwa muda ule ule na mshindani wake wa Ujerumani. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Taifa zima lilishangilia tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho, kwa sababu palikuwa na chombo cha kuipima na mtu wa kuiandika. Wengi walioshangilia ni watumishi walio na mamlaka juu ya viwanja ambako watoto wetu hukimbia bila kupimwa.

Kwa hiyo namalizia kwa ombi, nalo halihitaji bajeti kuu. Afisa elimu, afisa michezo na mwalimu unayesoma haya: katika mashindano yajayo upimeni uwanja kwa futi kamba kabla ya siku yenyewe. Wawepo wapima muda watatu, ichukuliwe saa ya katikati. Liandikwe jina, umri, shule, umbali, muda na tarehe, ukurasa upigwe picha, nakala ibaki wilayani na nyingine ibandikwe mahali pa wazi. Kijana mmoja mwenye simu apewe kazi ya kurekodi kila fainali kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na mkuu wa shule, mwanafunzi akiomba nakala ya maendeleo yake, apewe ndani ya juma hilo. Chuo cha ng'ambo kitaamua kinavyotaka, nasi hatuna kura ndani yake. Kuandika kwamba mtoto wetu alikimbia, wapi, lini na kwa muda gani, ni wajibu wetu wenyewe.